Datsun 240ZG ya Tamiya, boksi la zamani: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Kwa sisi tunaokusanya vigari vya zamani vya plastiki vya kuunganisha huku kusini, boksi lililokwisha kufunguliwa ni bora kuliko lenye nailoni yake ya kiwandani. Wakusanyaji wengi hawakubali, na bei za sokoni ziko upande wao. Lakini jamaa yangu wa Lindi alilipa pesa ndefu kwa boksi lililofungwa, akalichana, akakuta matairi yameshaila bodi. Matairi ya seti nyingi za zamani ni ya plastiki laini yenye mafuta ya kulainishia. Yakilala miaka mingi juu ya plastiki ngumu, mafuta yale huhamia huko na kuiyeyusha, na joto huharakisha. Ubavuni mwa gari lake tairi lilizama hadi kashata zikajichora. Muuzaji akamjibu kwamba boksi lililofungwa halirudishwi. Isitoshe, nailoni ile mtu yeyote mwenye mashine ya hewa ya moto anaweza kuifunga upya.

Kwa hiyo nilipoitaka Datsun 240ZG ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya vigari hivi, kipimo cha 1 kwa 12 (yaani moja ya kumi na mbili ya gari halisi), nilitafuta iliyofunguliwa. Tamiya wamewahi kuirudisha sokoni, ila mimi nilitaka toleo la zamani. Muuzaji, ambaye yuko Japani, alinipigia picha fremu moja moja zinazoshikilia vipande, stika, karatasi ya maelekezo, na matairi yakiwa kwenye mfuko wake peke yake. Mzigo ulipitia kwa wakala Dar es Salaam, ukapakiwa kwenye basi la Mtwara. Kona moja ya boksi ilifika imebonyea kwa kusongwa na mizigo mingine, ingawa ndani hakuna kilichovunjika.

Sasa gari lenyewe. Likikamilika litafika karibu sentimita 36, na ukubwa huo ndio unaolipa gharama yote. Injini ya silinda sita unaijenga kipande kwa kipande, kabureta mbili zinakaa ubavuni, na mwenye subira anaweza kupitisha nyaya za plagi mwenyewe. Nimeilaza boneti juu ya kioo kuona kama imepinda: imekaa sawasawa, pamoja na umri wake. Nimefurahi mno. Anayetaka ile Datsun iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973 ajue hii siyo. ZG ilikuwa ya soko la Japani, yenye pua ndefu ya kuongezewa. Zile za rali zilikuwa 240Z za kawaida.

Upungufu ni stika, zimegeuka njano. Nimezitia kwenye mfuko angavu na kuzibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na njano inapungua; jua la Mtwara halina mchezo. Unyevu ndio unaonisumbua zaidi. Nakaa Shangani, karibu na bahari, na masika boksi la karatasi huota ukungu upesi. Vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya sivitupi tena, naviweka pamoja na seti kwenye kontena lenye mfuniko unaobana, matairi nikiyatenga mbali na bodi.

Muuzaji nampa nyota tano, usafirishaji tatu. Sasa natafuta seti ya Datsun ya rali yenyewe. Mwenye nayo anitumie kwanza picha ya matairi, bei tutaongea.