Kuchagua Pikapu Iliyotumika ya Kuvutia Boti Mwanza: Hilux, Land Cruiser, Ranger na D-Max

Madalali wa magari hapa Mwanza humuuliza mteja wa pikapu kama anataka namba D au namba E, kisha humuuliza ana shilingi ngapi. Kwa mtu ambaye gari lake litavuta boti, maswali hayo yanakuja mapema mno, kwa kuwa herufi ya usajili haielezi kazi ambayo gari limeshafanya, wala bei nafuu haina faida iwapo klachi itaungua siku ya kwanza ya kuitoa boti majini pale kwenye mwalo wa Igombe, yaani ufukoni ambako boti hushushwa na kupandishwa. Nimevuta boti za faiba kati ya mialo ya Ilemela, Magu na Sengerema kwa pikapu za aina mbalimbali, na tathmini hii inahusu kazi hiyo moja tu: ni gari lipi, kati ya yaliyotumika ambayo yanapatikana kwa urahisi katika soko letu, linalofaa kuvuta tela lenye boti katika ufuko wa Ziwa Victoria.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wengi hukisia. Boti tupu ya faiba haitishi, lakini boti haisafiri tupu. Ongeza mashine ya HP 40 na pipa la petroli la lita 200, ambalo likijaa mafuta yake peke yake hufika takribani kilo 150. Ongeza nyavu mbichi, nanga, na maji yaliyobaki chini ya mbao za kukanyagia, ambayo kila lita yake ni kilo nzima. Kisha ongeza tela lenyewe, ambalo mafundi wetu hulichomelea kwa vyuma vinene kwa sababu wanajua barabara litakazopita. Mzigo ambao mwenyewe anautaja kuwa wa kilo mia saba mara nyingi hupita tani moja ukiwekwa kwenye mizani, nami namsihi kila mnunuzi aupime kwanza kabla hajaenda kutazama gari lolote. Takribani asilimia kumi ya uzito huo ndiyo inayopaswa kukaa kwenye kiungo cha nyuma ya gari. Ikiwa kidogo mno tela hupepesuka, ikiwa kubwa mno gari huinua pua na usukani huwa mwepesi kwa hatari. Lipo pia jambo ambalo matela mengi ya kuchomelea hayalizingatii: watengenezaji wa pikapu hizi zote huruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilokuwa na breki zake. Zaidi ya hapo tela linapaswa kujisimamisha lenyewe, hata gari liwe na nguvu za namna gani.

Barabara ya lami si kipimo kikubwa. Kutoka Buhongwa hadi Usagara, karibu pikapu yoyote nzima itavuta tani moja bila malalamiko. Kipimo kiko kwenye mita chache za mwisho, pale gari linaporudishwa nyuma hadi tela lizame, boti ipandishwe, halafu dereva aombwe kuondoka akiwa na magurudumu ya nyuma kwenye mchanga uliolowa, mteremko ukiwa nyuma yake na maji yakimwagika kutoka kwenye boti. Mialo yetu mingi haina njia ya zege ya kushushia boti, na tangu maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, sehemu kadhaa zilizokuwa ngumu zimebaki tope na magugumaji. Hapo gari huhitaji mambo matatu: uzito wake lenyewe ili likanyage ardhi, gia ndogo ya fowili (magurudumu yote manne yakivuta) ili liondoke bila kuchoma klachi, na breki ya mkono inayoshika kweli. Pikapu ya magurudumu mawili, hata iwe nzuri kiasi gani, siipendekezi kwa kazi hii.

Hilux ya umbo la Vigo, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2015, ndiyo utakayoonyeshwa kwanza. Injini yake ya dizeli ya lita 3.0, yaani 1KD, hutoa Nm 343 (Nm ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu), na gari zima huruhusiwa kuvuta tela lenye breki la kilo 2,250 hadi 2,500 kulingana na toleo. Kwa boti nyingi za uvuvi wa kawaida hiyo inatosha kabisa. Ile ya 2.5 ya miaka ya mwanzo huvuta pia, lakini kwenye mchanga hulazimika kuzungushwa sana, na klachi ndiyo inayolipa. Ubora mkubwa wa Hilux kwetu ni vipuri: hakuna mji katika Kanda ya Ziwa ambako hutapata beringi, diski ya klachi au fundi anayeijua kwa kuishika tu.

Hata hivyo injini ya 1KD ina ugonjwa wake, na mnunuzi asiyeujua anaweza kununua gari linalokaribia kufa huku likiunguruma vizuri. Chini ya kila nozo, yaani kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, kuna pete ndogo ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande juu. Pete hiyo ikichoka, moshi wa mwako huvuja na kuingia kwenye oili, oili hugeuka kuwa masizi mazito, na masizi hayo hushuka hadi kwenye kichujio cha chini kinachonyonya oili. Kichujio kikiziba, injini hukosa oili wakati mzigo ni mkubwa zaidi, yaani wakati ule ule unapovuta. Kwa hiyo fika asubuhi kabla gari halijawashwa, na umwambie muuzaji mapema kwamba unalitaka likiwa la baridi. Ufungue kifuniko cha oili, umulike ndani kwa tochi, uguse chuma kwa kidole. Oili nyeusi ni jambo la kawaida kwa dizeli. Kinachotakiwa kukushtua ni ukoko mgumu mithili ya lami unaobaki kwenye kidole. Kisha gari liwashwe, usikilize mgongano wa nozo wakati injini ingali ya baridi, na utazame kama moshi unasukuma kwa nguvu kutoka kwenye tundu la oili. Ukiona ukoko na moshi pamoja, ondoka. Injini hii hutumia pia mkanda wa taimingi, unaoendesha vali za injini kwa wakati wake, ambao hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Kama hakuna kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Neno moja kuhusu asili ya magari haya. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na ikairejesha mwaka 2017, kwa hiyo anayekuambia kuwa Vigo yake ya mwaka 2010 ilikuwa ikitumiwa na mzee wa Kijapani hakuambii kweli. Zilizo nyingi zilitoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, na nyingine zilinunuliwa mpya hapa nchini na mashirika au kampuni. Zile za Uingereza zinahitaji macho makali zaidi, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi hula chesisi kimyakimya. Vilevile gari lililoishi Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari. Ziwa letu ni la maji baridi, na hiyo ni neema kwa chuma, lakini kutu iliyokwisha kuanza haisimami kwa kuhamia Mwanza.

Land Cruiser ya pikapu, lile la 79 ambalo watu hulitambua kwa mkonga wake (bomba la hewa linalopanda kando ya kioo), ndilo gari ninaloliheshimu kuliko yote katika tope. Ni zito, chesisi yake ni nene, na injini ya 1HZ ya lita 4.2 yenye silinda sita haina kompyuta ya kusumbua; pampu yake ya dizeli ni ya mitambo na hata fundi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anaweza kuitengeneza. Anayevuta tani mbili na zaidi, au anayefanya kazi katika mialo isiyofikika wakati wa masika, asitafute mbali. Lakini lazima isemwe kwamba halina turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nguvu yake ya Nm 285 imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, nasi tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa huo, ambako injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja kwa kila mita 100. Matokeo yake ni kwamba kwenye mlima mrefu utapandisha polepole, malori yakikufuata, na dizeli utakayoteketeza itakuuma. Bei yake nayo huizidi ya Hilux ya umri uleule kwa mbali, na mengi yanayouzwa huku yametoka migodini au kwenye miradi, ambako yamefanya kazi ya kweli. Kwa mwenye boti moja ya wastani naliona ni gari kubwa kuliko haja.

Ford Ranger ya 3.2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapa: Nm 470, na ruhusa ya kuvuta kilo 3,350, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 3,500. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 na foleni ya kivuko kutoweka, watu wanaohamisha boti kati ya Mwanza, Geita na Chato wamepata safari ndefu isiyokatizwa, na kwa safari ya namna hiyo Ranger hutulia barabarani kiasi kwamba dereva anaweza kusahau kuwa ana tela. Shida yake ni matunzo. Pampu yake ya oili hupoteza mnyonyo ikiwa oili itamwagwa na injini kuachwa tupu kwa muda mrefu, ndiyo maana maelekezo ni kujaza oili mpya ndani ya dakika kumi hivi. Katika gereji zetu, ambako oili humwagwa asubuhi na fundi akaenda kunywa chai, hilo si jambo dogo. Ukiona Ranger, uliza ilikuwa ikimwagwa oili wapi na nani, na kama muuzaji hana jibu linaloeleweka, usiendelee.

Isuzu D-Max ya 3.0, hasa ya kuanzia mwaka 2012, haipewi heshima inayostahili katika mji huu. Ina Nm 380, inaruhusiwa kuvuta kilo 3,000 na baadaye 3,500, na taimingi yake ni ya mnyororo, si mkanda. Ni ngumu kidogo kukalia na kelele yake ni ya lori dogo, lakini nimeiona ikiondoka kwenye mchanga wa Kayenze ikiwa na tela lililozama hadi juu ya ekseli bila mtu kuisukuma. Vipuri vyake vya mwili huchelewa, ingawa vya injini hupatikana. Kuhusu Nissan Navara ya 2.5 nitasema machache: mnyororo wake wa taimingi umekatika kwa watu wengi mno, na chesisi za toleo la D40 zimejulikana kwa kuoza na kuvunjika nyuma ya kebini. Sioni sababu ya kuichagua kwa kazi ya kuvuta.

Ukishachagua aina, gari lenyewe bado linapaswa kukaguliwa kwa macho ya mtu wa boti. Lala chini, upige nyundo ndogo kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma na pale kiungo cha tela kilipofungwa. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Ukikuta kiungo kimechomelewa moja kwa moja kwenye chesisi badala ya kufungwa kwa bolti, tazama nyufa kwenye kingo za uchomeleaji. Halafu fungua bolti ya juu ya difu ya nyuma (kasha la gia katikati ya ekseli) na utoe mafuta kidogo. Difu yenye joto ikizamishwa ghafla kwenye maji ya ziwa huvuta maji kupitia sili zake, na mafuta yake hugeuka rangi na kuwa meupe. Ukiona hivyo, gari limezamishwa, na beringi zake zimekwisha kuanza kuliwa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba lilikuwa la ofisi.

Klachi ipimwe kwa kupandisha gari mlimani kwa gia ya tatu ukikanyaga mafuta taratibu: injini ikipaa na mwendo ukabaki palepale, diski imekwisha. Fowili iingizwe kwenye udongo, katika gia kubwa na ndogo, usikilize kama inaruka. Wengi huniuliza kuhusu gia za oto. Kwenye mwalo oto ni tulivu kuliko gia za mkono, kwa kuwa hakuna klachi ya kuungua, ila ununue tu kama mafuta ya giaboksi hayanuki kuungua na kama upo tayari kuongeza kipoza mafuta cha ziada, maana kuvuta mzigo juani hupandisha joto la giaboksi haraka.

Kama ningenunua mwezi huu kwa ajili ya boti ya faiba yenye mashine ya HP 40 na tela la breki, ningeanza kutafuta D-Max ya 3.0 ya fowili yenye gia za mkono iliyonunuliwa mpya hapa nchini, na nisipoipata ningechukua Vigo ya 3.0 yenye oili safi, kisha kabla haijafungiwa tela ningebadilisha pete za shaba za nozo, mkanda wa taimingi na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, na gharama hiyo ningeikata kwenye bei nikiwa bado mezani na muuzaji.