Swaleh na Shuaib: wote waliambiwa wamerogwa, ila watu wao hawakua sawa

Ukifungua Suratu Shuaraa, aya ya 153 na ya 185 ni neno kwa neno, Thamud wanamwambia Nabii Swaleh amerogwa, watu wa Machakani nao wanamwambia Nabii Shuaib hivo hivo. Ila angalia kilichofata. Thamud angalau waliomba ishara, wakapewa ngamia jike na zamu ya maji ikapangwa kabisa, leo anakunywa yeye kesho nyinyi, wakamuua huyo ngamia, wakajuta wakati muda umeshapita.

Kwa Shuaib mi naona ilikua mbaya zaidi, maana yeye aligusa biashara zao: timizeni vipimo, pimeni kwa mizani iliyo sawa, msiwapunje watu. Wakasema karogwa, wakaongeza na kwamba ni muongo, halafu badala ya kuomba ishara wakadai adhabu yenyewe, eti tuangushie vipande vya mbingu kama unasema kweli! Subhanallah. Ikawapata adhabu ya siku ya kivuli, yaani wingu lililowafunika. Na kinachoniuma, kwenye sura hiyo yote hakuna hata mmoja aliemjibu kuhusu mizani.