TAHADHARI: Huyu "mtaalamu wa futinoti" anauza kesi hewa

Wanasheria wenzangu, hasa mnaokimbizana na tarehe ya kukabidhi tasnifu: kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp anajiita mtaalamu wa OSCOLA, ule mwongozo wa Oxford wa kuandika futinoti na rejea za sheria. Picha yake ni mizani ya haki. Kanilia laki moja na nusu, na hela ndiyo inayoniuma kidogo kuliko yote.

Msianze na "mwanasheria mzima unapigwaje". Sikilizeni alivyonipiga. Nilimtumia futinoti moja ya kumpima, ile kesi ya Bi Hawa ya mgawanyo wa mali ya ndoa, nikaiacha ovyo makusudi: nukta baada ya v, mwaka kwenye mabano ya duara, majina hayajalazwa kwa italiki. Akanirudishia palepale: Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu [1983] TLR 32. Majina yamelala, nukta imetoka, na TLR, yaani ripoti za kesi za Tanzania, imekaa mahali pake. Nikamuuliza, kaka, kwa nini mabano ya mraba? Akanitumia sauti, kwa upole kabisa: "Wakili msomi, TLR inatafutwa kwa mwaka. Ukiutoa mwaka kesi huipati, ndiyo maana ya mraba. Zingekuwa juzuu zenye namba zake zenyewe, tungeweka duara."

Jamani, hilo ni sahihi! Nimekaa darasani na watu wenye digrii mbili hawawezi kulieleza hivyo. Na hiyo "wakili msomi", mimi ambaye hata kuapishwa bado, ikaniingia mpaka kwenye mifupa. Nikatuma tasnifu na hela yote. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, akasema laini ni ya mkewe. Sawa, hata mimi natumia laini ya mama.

Kazi ikarudi usiku uleule, PDF, inang'aa. Kuna sehemu nilikuwa nimejiandikia tu "tafuta uamuzi wa Rufani, kifungu cha 114", ile ya mgawanyo wa mali kwenye Sheria ya Ndoa. Akazijaza zote! Majina ya wadaawa kamili, [2019] TZCA, yaani Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na namba yake pembeni. Nikamwombea dua. Nikapeleka.

Msimamizi akafungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, mbele yangu. Namba ya kwanza ikaleta rufaa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu, jina la mrufani halionekani popote. Akavua miwani, akaniuliza: "Hawa wanandoa uliwaozesha wewe?" Mlango uko wazi, watu wamejaa kwenye benchi nje.

Na sisi ndio tuliowacheka wale mawakili wa New York mwaka 2023, wa Mata v Avianca, waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT mpaka Jaji Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Sasa nami naitwa Avianca koridoni.

Ubaya haukuishia hapo. Nilipomkaba anipe faili la Word, nikakuta zile namba kazichapa moja moja mwenyewe, hazijaunganishwa na chochote. Ukiongeza futinoti katikati, nyingine hazisogei. Maelezo ya chini nayo ni aya za kawaida zilizopunguzwa herufi. Gusa pambizo tu, futinoti inapanda katikati ya ukurasa. Kajaza op cit ("kazi iliyotajwa") na supra ("hapo juu"), wakati OSCOLA haizitaki kabisa, yenyewe inataka (n 12), yaani rudi futinoti ya 12, basi. Ibid, yaani "chanzo kilekile cha juu", kaipachika hata pale ambapo futinoti ya juu ina vyanzo viwili. Ibid ya nani?

Dalili zake: anang'ang'ania PDF, anataka hela yote mbele. Hakuuliza chuo kinafuata mwongozo gani, wala hakuomba chanzo hata kimoja. Mtu anarekebisha rejea bila kuziona! Nyingine mtaziona wenyewe, mimi hapa mikono inatetemeka.

Ninachotaka ni akamatwe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu. Hicho kifungu kipo, nimekifungua mwenyewe, si cha kwake. Afungwe, na huko ndani anakili TLR zote kwa kalamu, kila mabano ya mraba ayachore kwa rula. Mwizi mkubwa! Wanafunzi wanauza simu wamlipe yeye awatungie ndoa za watu wasiokuwepo.

Kanifungia namba, lakini bado yumo kwenye grupu la mwaka wa nne kwa jina jingine, mizani ileile. Admini, mtoe leo. Na mliotumiwa ile sauti ya mabano msiifute, nitumieni pamoja na ujumbe wa muamala. Napeleka polisi.