Yogi Berra au Roy Campanella, nani mkali?

Wote wawili walikuwa makecha wa besiboli New York miaka ya 50, yule jamaa anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kifaa cha uso akidaka mipira siku nzima. Yogi wa Yankees, Roy wa Brooklyn Dodgers, na kila mmoja kachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara 3, tena 1951 na 1955 walibeba mwaka mmoja wote wawili!

Kwa makombe hakuna mjadala, Yogi ana World Series (ubingwa wa besiboli Marekani) 10 kama mchezaji, Roy moja tu ya 1955, tena waliwafunga hao hao Yankees. Ila jamani Roy alianza ligi za weusi (ligi kuu ziliwafungia mlango) akiwa kijana wa miaka 15 na Dodgers kaingia 1948, sasa piga hesabu miaka mingapi ubaguzi ulimla.

Baada ya hapo ndo njia zikaachana kabisa. Yogi akawa kocha, 1985 Yankees wakamtimua baada ya mechi 16 tu za msimu, akanuna, hakukanyaga uwanja wao miaka 14 (mzee alikuwa na kinyongo huyo). Roy januari 1958 gari liliteleza kwenye barafu usiku, akapooza, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Mei 1959 watu 93,103 walijaa uwanjani Los Angeles (Dodgers walishahamia huko) kumuenzi, taa zikazimwa, wakawasha viberiti uwanja mzima.

Mimi kwa makombe Yogi, kwa moyo Roy.