Oto au manyuali kwenye mteremko mkali: nimeendesha zote, maoni yangu haya hapa

Wadau, mimi nimeshika manyuali porini miaka mingi kabla sijahamia oto, na bahati nzuri gari zenyewe ni aina moja, injini ileile ya dizeli, 4L ileile (zile gia nzito za kuendesha matairi yote manne), tofauti ni giaboksi tu. Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu vinavyolinganishika, sio mtu analinganisha pikapu ya mizigo na gari ya mjini halafu anasema oto haifai.

Kwenye mteremko mrefu wa kokoto, manyuali ni tamu bwana. Unasimama juu kabisa kabla pua haijaanza kuinama, unaingiza 4L na gia namba moja, unaachia klachi yote, halafu miguu unaiweka pembeni, gari inashuka yenyewe kama imefungwa kamba nyuma. Hesabu yake haina uchawi: chukua gia ya kwanza ya 4 kwa 1, zidisha na 4L ya 2.5, zidisha na difu (gia za kwenye ekseli) ya 4, unapata 40, maana yake injini inazunguka mara 40 ndio tairi lizunguke mara moja. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika, hapo unatembea kilomita 2 na nusu kwa saa, mtu wa miguu anakupita.

Ila klachi usiiguse. Wengi wakiogopa mguu wa kushoto unakwenda wenyewe, na ukishaikanyaga tu umekata injini na matairi, gari iko fri, inapata kasi ndani ya sekunde na umebaki na breki peke yake. Na kitu kingine ambacho wageni hawakiamini mpaka wakione: kwenye udongo uliolegea injini inaweza kushika sana mpaka matairi ya nyuma yanazunguka taratibu kuliko gari inavyoshuka, unasikia mkia unaanza kwenda pembeni. Hapo unaongeza mafuta kidogo, kidogo sana, matairi yakamate mwendo wa ardhi, usukani unarudi. Kukanyaga breki pale ndio unamalizia kazi ya kujipindua.

Sasa oto. Ukiiacha kwenye D hiyo sio kushuka, giaboksi ikiona umetoa mguu kwenye mafuta na mwendo unapanda inajiamulia kuweka gia nyepesi, ya juu, na injini haishiki kitu. Lazima uweke L au 1, yaani gia ya chini, au ile ya kubadilisha kwa mkono, na hata hapo zipo ambazo mizunguko ikizidi zinapanda gia zenyewe kulinda injini, kwa hiyo jaribu yako sehemu salama ujue tabia yake. Halafu katikati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, inayokaa mahali pa klachi, kwenye mwendo mdogo kwa kawaida haijajifunga, nguvu inapita kwenye mafuta ya giaboksi, ndio maana ya kwangu ikiwa 4L gia ya kwanza inashuka haraka kidogo kuliko ile ya manyuali na mguu wa kulia unabaki unagusagusa breki. Hata kwenye Jeep Wrangler Rubicon ya 2018, yenye 4L ya 4 kwa 1, manyuali inafika karibu 84 kwa 1 na oto 77, lakini tofauti hiyo ni ndogo, kule chini huisikii.

Oto inapoipiga manyuali vibaya ni kwenye ngazi za mawe. Unashusha tairi moja, unasimama, unachungulia dirishani, unaachia breki sentimita chache, unasimama tena, na injini haizimi. Kwenye manyuali kusimama ni kukanyaga klachi, kuondoka tena ni klachi, na kila mara gari inaruka kidogo hata uwe fundi wa namna gani.

Kuna na ile batani ya kushukia mlima, wengi wanadhani inatumia injini, hapana, inabana breki za tairi mojamoja kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga), ndio ule mkoromo unaousikia chini. Land Rover walianza nayo kwenye Freelander ya 1997 kwa sababu ile gari haikuwa na 4L. Kwenye tope naipenda, mguu wangu hauwezi kubana tairi moja peke yake. Kwenye mteremko mrefu sana siiamini, breki zinapata moto. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 140, na mafuta ya breki yakichemka pedeli inazama mpaka chini bila kushika chochote.

Kwa matumizi yangu, mawe mengi na kusimamasimama, nimebaki na oto na sirudi. Angekuwa mtu wa miteremko mirefu ya kokoto na mzigo nyuma ningemwambia achukue manyuali bila kufikiria mara mbili, na oto isiyo na 4L mimi sishuki nayo hata iwe na batani ngapi.