Kozi za Advanced Placement katika sekondari za Marekani: bidhaa nzuri, mlango mwembamba

Huduma ninayoipitia hapa ni ile ya kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa ndani ya shule za sekondari za Marekani, hasa zile za Advanced Placement, ambazo kila mtu huziita AP kwa kifupi. Ninaipitia nikiwa mzazi Mtanzania ninayeishi Minnesota, ambaye binti yake amesoma kozi kadhaa za mpango huo, na ambaye mpwa wake alichagua njia nyingine ya kuzipata krediti za chuo, yaani pointi za kozi zinazohesabiwa kwenye shahada, kabla ya kumaliza sekondari. Mzazi aliyepitia kidato cha tano na cha sita atashawishika kuilinganisha AP na masomo ya A-level, na kwa kina cha mada hatakuwa amekosea sana. Tofauti ni kwamba hapa hakuna tahasusi, yaani mchanganyiko maalumu wa masomo, kama PCB wala HGL: mwanafunzi huchagua somo mojamoja, anaweza kusoma Biolojia ya AP huku hisabati yake ikiwa ya kawaida, na mtihani wa mwisho hauamui kama atahitimu au hatahitimu.

Mwenye bidhaa ni College Board, taasisi isiyo ya kibiashara yenye makao yake New York, ambayo pia ndiyo yenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni. Mpango ulianza katikati ya miaka ya 1950, ukiwalenga vijana wachache wa shule teule waliokuwa wakifika chuoni na kurudishwa kwenye mambo waliyokwisha kuyasoma; leo una kozi takriban 40. Mwalimu wa sekondari hufundisha mwaka mzima kwa mwongozo wa College Board, mtihani hufanyika nchi nzima mwezi Mei, walimu na wahadhiri hukutana Juni kusahihisha majibu ya kujieleza, na Julai mwanafunzi hupokea alama kati ya 1 na 5, ambapo 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa amefaulu. Tangu Mei 2025 mitihani 28 hufanyika kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, ingawa katika mingi ya mitihani ya hesabu na sayansi majibu ya kujieleza bado huandikwa kwa mkono katika kijitabu.

Kuhusu ubora wa mafunzo yenyewe, sina kinyongo. Chukua Kalkulasi. Swali la kujieleza la kawaida humpa mwanafunzi jedwali lenye kasi ya maji yanayoingia katika tangi kwa nyakati tofauti, likamtaka akadirie jumla ya maji, aeleze maana ya jibu lake pamoja na kipimo chake, kisha atetee kwa hoja ya kihisabati kwa nini lazima kulikuwa na wakati ambapo kasi hiyo ilifikia kiwango fulani. Kila swali kati ya maswali sita ya sehemu hiyo lina pointi 9, na jibu sahihi lisilo na maelezo hupoteza sehemu kubwa ya pointi hizo. Mtoto aliyezoezwa na mwalimu wa Tanzania asiyekubali jibu tupu bila kuonesha njia atajikuta nyumbani.

Kozi ya Historia ya Dunia ilinivutia zaidi, na si kwa sababu ya uzalendo peke yake. Tangu mwaka wa masomo ulioanza 2019 inaanzia mwaka 1200, na katika mada ya biashara ya Bahari ya Hindi miji ya pwani ya Waswahili imetajwa katika mwongozo kama mfano wa dola zilizostawi kwa biashara hiyo, sambamba na Gujarat na Malaka. Katika mtihani, mwanafunzi hupewa nyaraka saba na kutakiwa kujenga hoja yake kutokana nazo, akieleza, kwa baadhi ya nyaraka hizo, aliyeandika alikuwa nani au alikuwa na lengo gani. Nimesoma insha za binti yangu za somo hilo, na nathubutu kusema kwamba sikuwahi kudaiwa kazi ya namna hiyo hadi nilipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu.

Bei inahitaji kusomwa kwa makini. Kozi katika shule ya umma hailipiwi, lakini mtihani una ada yake: mwaka 2025 ilikuwa dola 99 kwa somo moja. Familia ya kipato kidogo hupata punguzo la dola 37 kutoka College Board, na baadhi ya majimbo hulipia kiasi kinachobaki. Kinachonikera ni utaratibu ulioanza 2019, unaomtaka mwanafunzi ajiandikishe kufanya mtihani ifikapo katikati ya Novemba, yaani miezi sita kabla ya kuufanya, ilhali ndiyo kwanza ameanza kuijua kozi. Akichelewa anaongezwa dola 40. Akijiandikisha kisha asitokee, dola 40 vilevile. Kwa familia yenye watoto wawili na mitihani mitano, huo si mchezo.

Hata hivyo hesabu kwa jumla ina faida. Kozi moja katika chuo kikuu cha umma kwa kawaida huzidi dola 1,000, na vyuo vya umma vya majimbo kama Ohio na Illinois vinatakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea. Vyuo vinavyochagua wanafunzi kwa ukali hutaka 4 au 5, na vingine havitoi kitu: Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kuanzia kundi lililotarajiwa kuhitimu mwaka 2018. Kwa hiyo mzazi asiahidiwe akiba kabla ya kujua mtoto anaelekea chuo gani.

Sasa nije kwenye upungufu ulionifanya niandike mapitio haya, nao ni upatikanaji. Orodha ya kozi iliyobandikwa kwenye tovuti ya shule ni jambo moja, na kiti darasani ni jambo jingine kabisa. Shule ndogo za vijijini hukosa mwalimu wa Fizikia ya AP, au hupata wanafunzi wanne tu walioiomba, na kozi hufutwa. Lakini hata shule kubwa ya mjini, yenye kozi kumi na tano au zaidi, ina vizingiti visivyoandikwa popote, na kikubwa zaidi kimejificha darasa la nane, mwaka mmoja kabla ya sekondari kuanza. Aliyesoma Aljebra ya kwanza akiwa darasa la nane atasoma Jiometri la tisa, Aljebra ya pili la kumi, maandalizi ya kalkulasi la kumi na moja, na Kalkulasi ya AP mwaka wa mwisho. Aliyeanza Aljebra hiyo darasa la tisa amechelewa mwaka mmoja, na njia pekee za kuufidia ni masomo ya majira ya joto au kubeba kozi mbili za hisabati kwa wakati mmoja. Kozi ya AP Precalculus, yaani ya maandalizi ya kalkulasi, iliyoanzishwa 2023 imewapunguzia machungu wanafunzi wa aina hii kwa kuwapa angalau somo moja la hisabati la kiwango hicho, lakini haiwafikishi kwenye Kalkulasi. Fikiria basi mtoto aliyetua kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma akiwa na miaka kumi na minne, akapangiwa hisabati ya chini kwa sababu ya Kiingereza chake na si kwa sababu ya hesabu zake. Mlango wake umefungwa kabla hajajua kwamba upo.

Kizingiti cha pili ni mshauri wa masomo. Katika shule aliyosoma binti yetu, mshauri alimwondoa kwenye Biolojia ya AP kwa maelezo kwamba bado alikuwa katika orodha ya wanaojifunza Kiingereza na kwamba kozi ingemwelemea. Hakuna aliyetuambia kuwa ipo fomu ambayo mzazi anaweza kuitia saini ili mtoto aingie katika kozi bila pendekezo la mwalimu. Tuliijua kutoka kwa jirani Mkenya ambaye alikwisha kuitumia. Tulitia saini, akaingia, na akafanya vizuri. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, pamoja na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, zinazitaka shule zisiwaache watoto nyuma kwa sababu ya lugha, lakini mzazi asiyeuliza hatasaidiwa na sheria asiyoijua. Jimbo la Washington limechagua dawa iliyo bora kuliko fomu: sheria yake inazitaka wilaya zote za elimu zimwandikishe moja kwa moja katika kozi inayofuata ya juu kila mwanafunzi aliyefikia kiwango katika mtihani wa jimbo, na mzazi asiyetaka ndiye anayeomba mtoto atolewe. Ningependa kuona mpango huo katika kila jimbo.

Njia mbadala aliyoichagua mpwa wangu inaitwa Postsecondary Enrollment Options, au PSEO, ambayo Minnesota iliianzisha mwaka 1985 kabla ya jimbo lingine lolote. Mwanafunzi wa darasa la kumi na moja au la kumi na mbili husoma chuoni kwenyewe, na jimbo hulipa ada pamoja na vitabu. Hakuna mtihani wa Mei unaobeba kila kitu: akifaulu kozi, krediti ni zake. Kwa upande wa fedha, hii inaishinda AP bila ubishi. Lakini alama ya chuo hubaki kwenye kumbukumbu za chuo daima, na kozi aliyoifeli akiwa na miaka kumi na sita inaweza kumsumbua baadaye anapoomba msaada wa fedha za masomo, ilhali alama ya 2 ya AP haionwi na chuo ikiwa mwanafunzi hakuituma. Pia kuna suala la usafiri, kwa kuwa basi la shule halimpeleki mtu chuoni. Mpwa wangu alikuwa na nidhamu ya mtu mzima, na ilimfaa. Kwa mtoto anayehitaji mwalimu wa kumfuatilia kila siku, ningesema abaki na AP. Yeyote anayeifikiria PSEO ajue kwamba taarifa kwa wilaya ya elimu ya kusudio la kujiunga mwaka unaofuata hutakiwa ifikapo Mei 30.

Lipo jambo la mwisho linalowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. College Board haina kozi ya Kiswahili. Lugha ilizonazo ni Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani na Kilatini. Anayetaka Kiswahili chake kihesabiwe aulize shuleni kuhusu muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha sekondari, ambao hapa Minnesota unaweza kuleta krediti katika vyuo vya mfumo wa Minnesota State. Watoto waliotoka Kongo au Burundi wakiwa wamesoma kwa Kifaransa wana fursa nyingine ambayo washauri wengi hawaifikirii: mtihani wa AP wa Lugha na Utamaduni wa Kifaransa una sehemu ambapo mtahiniwa huzungumza kwa dakika mbili akilinganisha jamii moja inayosema Kifaransa na jamii yake mwenyewe, na Bukavu inakubalika humo sawasawa na Paris. Mwanafunzi hahitaji kuwa amesoma kozi hiyo ili aruhusiwe kufanya mtihani wake. Kwa kijana wa namna hiyo, aliyefika mwaka juzi na ambaye bado anahangaika na insha za Kiingereza, hizo dola 99 ningezilipa leo, alimradi shule iwe imeagiza mtihani kabla ya katikati ya Novemba kupita.