Digrii ya sayansi ya ardhi kwenye chuo kidogo Unguja, mie naipa nyota 4 kwa 5

Assalaam aleikum. Wadogo zangu mliomaliza form six mnaniuliza sana hii kozi ikoje, basi nakwambieni nilivoiona mie, niko mwaka wa tatu sasa hivi.

Darasani tuko kumi na moja tu. Mwalimu anakujua kwa jina, anajua hata pale ulipokwama, ukikosa kipindi kimoja anakupigia simu. Kwa hilo peke yake ada yangu naitoa kwa moyo mkunjufu.

Lakini kilichonitia mapenzi ni fildi. Wiki ya kwanza tu tukapelekwa Jambiani, mwalimu akaokota jiwe la uwanda, lile lile tunalojengea nyumba na kuchomea chokaa, akalidondoshea asidi tone moja, likatoa povu shiii, akatwambia hiyo kaboni dayoksaidi inatoka, jiwe zima hili ni matumbawe yaliyokuwa hai baharini. Nikatia lenzi ya kukuzia jichoni nikaviona vitundu vya tumbawe kama vijinyota, vimejipanga vile vile kama yalivo yale ya chini ya maji leo. Mie nimekulia juu ya mawe yale, nimechunga mbuzi pale miaka chungu nzima, sijapata kuyatazama! Halafu tukaingia pango la Kuumbi, humo wataalamu walifukua mifupa ya punda milia, Unguja hii hii. Kumbe miaka kama 20,000 nyuma bahari ilishuka kiasi cha mita 120 na maji baina yetu na bara hayana kina hicho, kwa hivo wanyama walikuwa wanakuja kwa miguu. Pemba wakati ule ilibaki kisiwa, mkondo baina yake na bara una kina cha mamia ya mita.

Sasa nyota moja nimeikata kwa nini. Maikroskopu ya kutazamia miamba iko moja, taa yake ikaungua, muhula mzima tukasomea picha za kwenye simu. Na kisiwani kwetu huna pa kuona granaiti wala mwamba wa volkano, lazima uvuke bara, na safari ya Ol Doinyo Lengai tulichangishwa pesa mwaka jana ikaahirishwa mara mbili, mwisho tukarudishiwa nusu na maelezo hakuna. Imeniuma jamani. Mlima ule ndo volkano hai pekee duniani inayotoa lava (mawe yaliyoyeyuka) ya kabonati, jamii ya magadi, inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe, na uko nchini kwetu wenyewe, nasi tunaumalizia digrii kwenye picha.

Mkija, kila mtu anunue lenzi yake ya mara 10 msingojee ya chuo, na viatu vigumu. Usende uwandani na ndala, mawe yale yanakata kama wembe, mwenzetu mmoja alishonwa nyuzi nne siku ya kwanza ya fildi.